Muulize Bibi Uzi: Kwa nini uzi hukatika

Toleo lililopita nilieleza jinsi pamba ilivyosokotwa katika viwanda vya Lancashire, Uingereza, na Massachusetts, Marekani, katika karne ya 19. Barua zimekuja nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: kukatika kwa uzi. Nimefurahi, kwa sababu kazi ya msokotaji ni hiyo hasa. Mashine inasokota, lakini mtu ndiye anayejua kwa nini uzi umekatika.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilisimama mbele ya mashine za kusokota kwa miaka 26 hadi nilipostaafu. Habari za kale nilizipata kwanza kwa fundi aliyenifundisha, kisha vitabuni. Halafu binti yangu akanipeleka Quarry Bank, karibu na Manchester, kiwanda alichokianzisha Samuel Greg mwaka 1784 na ambacho leo ni makumbusho. Mashine iliyokuwa ikitajwa na fundi wangu kila siku niliiona ikitembea mbele yangu, na machozi yakanitoka.

SWALI: Shikamoo Bibi Uzi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Mwalimu wetu anasema mashine ya "nyumbu" ilisokota uzi mzuri kuliko mashine ya pete, lakini pete ndiyo iliyoenea duniani. Kama nyumbu ilikuwa bora, ilishindwaje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya mashine, anza na vidole vyako. Chukua pamba kidogo, ivute taratibu huku ukiipota. Angalia vizuri: msokoto hukimbilia pale uzi ulipo mwembamba, na penye unene hubaki laini. Ukiendelea kuvuta, pembamba pamekwisha kukaza na hapavutiki tena, kwa hiyo panaponyooka ni penye unene. Uzi unajisawazisha wenyewe. Bibi zetu waliosokota kwa mkono walilijua hilo bila kuambiwa na mtu.

Samuel Crompton wa Bolton aliiingiza siri hiyo kwenye mashine mwaka 1779. Alichukua rola za kuvutia pamba, mtindo wa Richard Arkwright, akachukua na gari la kwenda na kurudi, mtindo wa James Hargreaves, akaziunganisha. Kwa kuwa ilizaliwa na mashine mbili tofauti, ikapewa jina la nyumbu. Simsemi nyumbu wa Serengeti. Ni yule mtoto wa punda na farasi, baghala.

Sasa piga picha: gari refu kama upana wa ukumbi, lina mamia ya spindeli, yaani vijiti vinavyozunguka na kupota uzi (kufikia mwisho wa karne ya 19 zilizidi elfu moja), linatembea kwa magurudumu sakafuni. Linatoka nje kiasi cha mita moja na nusu hivi. Wakati linatoka, rola zinaachia tambi za pamba (pamba iliyonyooshwa, bado haijakazwa kuwa uzi) na spindeli zinazipota. Likifika mwisho, rola zinasimama na spindeli zinamalizia msokoto. Kisha spindeli zinageuka kinyume mizunguko michache ili kuachia uzi uliojiviringa kwenye ncha. Waya mrefu unashuka na kuukandamiza uzi wote kwa pamoja, na gari linarudi ndani huku uzi ukijikunja kwenye spindeli. Linatoka tena. Mara tatu au nne kwa dakika, kutwa nzima.

Mwanzoni msokotaji mwenyewe ndiye aliyelirudisha gari, kwa goti na kwa mkono, na ilikuwa kazi ya mwanamume mwenye kifua. Richard Roberts wa Manchester ndiye aliyetengeneza nyumbu inayojiendesha; hataza zake ni za mwaka 1825 na 1830. Wenye viwanda walitumaini kwamba hawatamhitaji tena fundi wa mshahara mkubwa. Ikawa sivyo. Uzi unapojaa kwenye spindeli, umbo lake hubadilika kila safari ya gari, na kasi ya kuukunja lazima ifuatane nalo. Ukikunjwa kwa kuvutwa mno, unakatika. Ukilegezwa, unajisokota vifundo. Fundi alikuwa akizungusha skurubu moja, nusu mzunguko tu, kwa kusikiliza na kwa kutazama jinsi uzi unavyokaa chini ya waya. Hilo halikufanywa na mashine.

Mashine ya pete inatokana na John Thorp wa Rhode Island, Marekani, mwaka 1828. Haina gari. Bobini, yaani kigogo cha kukunjia uzi, inazunguka katikati ya pete ya chuma, na juu ya ukingo wa pete kinateleza kiwaya kidogo kilichokunjwa kama herufi C. Uzi unapita ndani ya kiwaya hicho na kukikokota. Kwa kuwa kiwaya kinachelewa kidogo nyuma ya bobini, uzi unapotwa na kukunjwa kwa wakati uleule, bila kusimama. Mimi nimezeeka na pete, na naipenda. Lakini inauvuta uzi muda wote, kwa hiyo uzi lazima upewe msokoto mwingi ili ustahimili. Kiwaya kikiwa kizito, uzi unakatika. Kikiwa chepesi, uzi unafanya tumbo kubwa na kugonga wa jirani. Ule uzi mwororo na mwembamba sana wa mshindio (unaopita kwa upana wa nguo), pete za zamani hazikuuweza.

Basi pete ilishindaje? Kwanza, haipumziki. Pili, haimhitaji fundi aliyefunzwa miaka mingi. Marekani waliwaweka wanawake na wasichana, wakawalipa kidogo. Tatu, Wamarekani walisokota na kufuma chini ya paa moja, wakati Lancashire ilisokota Oldham na Bolton ikafuma Burnley na Blackburn. Uzi wa nyumbu ulisafiri bila bobini ya mbao ndani, mwepesi, na ukaingia moja kwa moja kwenye kifaa cha mfumaji. Uzi wa pete ulisafiri na mbao yake, na mbao ikabidi irudishwe. Ndiyo maana, katika mazingira yao, siwaoni watu wa Lancashire kuwa wajinga kwa kung'ang'ania nyumbu. Huko Osaka na Bombay, ambako walianza upya, pete iliingia haraka katika miaka ya 1880.

SWALI: Bibi, nauza nyuzi za kushonea Kariakoo. Kwenye boksi imeandikwa 40/2. Mteja akiniuliza maana yake, nababaika. – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Usibabaike, baba. Unauza kwa kipimo cha Lancashire cha zamani. Namba ya uzi ni idadi ya vicha vinavyotimiza uzito wa ratili moja, yaani gramu 454. Kicha kimoja kina yadi 840, sawa na mita 768. Uzi namba 20 una vicha 20 katika ratili: zaidi ya kilomita 15 za uzi. Namba 40 ina zaidi ya kilomita 30. Kwa hiyo namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Hiyo 40/2 ni nyuzi mbili za namba 40 zilizopotwa pamoja, na uzito wake ni kama uzi mmoja wa namba 20.

Acha nikuonyeshe jinsi walivyopima, maana ni hesabu nzuri sana. Walikuwa na gurudumu la mkono lenye mzingo wa yadi moja na nusu. Mizunguko 80 inatoa yadi 120, ambazo ni sehemu moja ya saba ya kicha. Fungu hilo waliliweka kwenye mizani ya punje. Ratili moja ina punje 7,000. Kisha wakagawa 1,000 kwa uzito uliopatikana. Fungu likiwa na punje 50, uzi ni namba 20. Likiwa na punje 25, ni namba 40. Basi. Mtu asiyejua kuandika jina lake aliweza kukwambia namba ya uzi kabla wewe hujapata kalamu.

Msokoto nao ulikuwa na kanuni. Tafuta kipeuo cha pili cha namba, zidisha kwa nne hivi, utapata mizunguko kwa inchi moja ya uzi wa mtande, ule unaokwenda kwa urefu wa nguo. Namba 16: kipeuo chake ni 4, mara 4, mizunguko 16. Mshindio haukazwi hivyo. Walizidisha kwa tatu na robo, ikawa mizunguko 13. Ukimwona mteja anaupima uzi kwa kuulegeza kati ya mikono miwili ili aone kama unajikunja, ujue huyo ni mjuzi. Mheshimu.

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni kikundi cha akina mama, tunasokota pamba kwa gurudumu la mkono. Masika kazi inakwenda. Kiangazi uzi unakatika kila dakika na manyoya yanaruka. Wenzetu wa zamani walifanyaje? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba wanangu. Ugonjwa wenu ni ukavu. Pamba hubeba maji ndani yake, kawaida kama gramu 8 na nusu kwa kila gramu 100 za pamba kavu. Maji hayo yakipungua, nyuzinyuzi zinakuwa kama nywele zilizokaangwa: zinasukumana, zinasimama, hazitaki kulaliana.

Lancashire ilibarikiwa upepo wa magharibi unaotoka baharini na mvua isiyokwisha. Hata hivyo hawakuiachia hewa ya nje ifanye kazi peke yake. Vyumba vya kusokotea vilifungwa madirisha, vikapashwa joto kwa mabomba ya mvuke, na kwa nyuzi nyembamba joto mara nyingi lilipita nyuzi 27 za Selsiasi. Msokotaji alifanya kazi miguu mitupu juu ya mbao zilizolowa mafuta. Kule Massachusetts, ambako baridi hukausha hewa sana, wasichana wa viwanda vya mji wa Lowell walilalamikia madirisha yasiyofunguliwa hata wakati wa joto. Mwenye kiwanda alihofia uzi. Pumzi ya msichana haikuwa kwenye hesabu yake. Ninyi msiige hilo.

Fanyeni hivi. Pamba ya kesho ilale leo usiku ndani ya chumba mtakachosokotea, imefunikwa kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri. Kitambaa kisiiguse pamba. Mwagieni sakafu maji asubuhi. Tundikeni kanga mbichi upande unaoingiza upepo. Anzeni kazi alfajiri na mpumzike jua likiwa kali.

Na jambo moja ambalo wengi husahau: kamba ya gurudumu lenu. Kamba ya pamba hukaza kwenye unyevu na kulegea kwenye ukavu. Spindeli za zamani nazo ziliendeshwa kwa kamba ndogo za pamba, na zikilegea spindeli inachelewa huku pamba ikiendelea kuja kama kawaida. Uzi unatoka haujakazwa, na watu wanailaumu pamba. Fundi wangu alinifundisha kuminya kila bobini kwa kidole gumba: ile laini kuliko wenzake, kamba yake imelegea. Kiangazi, kazeni kamba kwanza, ndipo mulalamike.

SWALI: Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiisifu merikani ya zamani kwamba "haifi". Ni kweli ilikuwa nguo madhubuti, au ni mapenzi ya wazee kwa mambo ya zamani? – Msomaji, Unguja

JIBU: Bibi yako alisema kweli. Jina lenyewe linakwambia ilikotoka. Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 konsuli wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja. Meli za Salem zilileta marobota ya kitambaa kisichopaushwa, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Salem yenyewe ilipata kiwanda kikubwa cha mvuke, Naumkeag, kilichoanza kazi mwaka 1847. Na tusifiche: pamba hiyo ilichumwa na watumwa kusini mwa Marekani.

Uimara wake ulianzia kwenye uzi. Massachusetts walisokota uzi mnene, wa namba ya chini, kwa spindeli zenye mabawa, ambazo hutoa uzi mgumu, wa mviringo, usio na manyoya. Pamba yao ilikuwa na nyuzinyuzi za urefu wa inchi moja hivi. Kwa uzi mnene huo ni urefu wa kutosha kabisa.

Urefu huo ndio kila kitu, na hapa naomba mnivumilie. Mashine inaivuta pamba kwa jozi za rola. Jozi ya mbele inazunguka haraka kuliko ya nyuma. Nafasi kati ya jozi na jozi lazima izidi kidogo tu urefu wa nyuzinyuzi. Ikiwa finyu, rola mbili zinaushika unyuzi mmoja pande zote mbili na kuukata. Ikiwa pana, nyuzinyuzi fupi zinaelea katikati bila kushikwa na yeyote, zinatoka kwa mafungu, na uzi unakuwa nene hapa, nyembamba pale. Ndiyo maana fundi wa zamani alipopokea robota jipya alichomoa kishada cha pamba, akakivuta kati ya vidole gumba mara kadhaa hadi nyuzinyuzi zikalala sambamba, akakilaza juu ya mkono wa koti lake jeusi akaupima urefu. Nami niliwahi kuanza zamu ya usiku bila kupima shehena mpya. Hadi alfajiri tulikuwa tumeunga nyuzi mpaka vidole vikavimba, na uzi wote ukarudishwa kuwa takataka. Sikurudia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliifunga njia ya pamba. Merikani ikaadimika kwetu, nguo za Uingereza na za India zikachukua nafasi. Lancashire nako kulikuwa na njaa. Walioendelea na kazi walipewa pamba ya Surat kutoka India, fupi na chafu kwa jinsi ilivyofungwa wakati ule, ikikatika katika mashine zilizopangwa kwa pamba ya inchi moja. Msokotaji alilipwa kwa uzito wa uzi alioutoa, kwa hiyo kila uzi uliokatika ulikatwa kwenye chakula cha watoto wake. Katika shida hiyo hiyo, wafanyakazi wa Manchester walikutana tarehe 31 Desemba 1862 wakamwandikia Abraham Lincoln kumuunga mkono katika kuukomesha utumwa, naye akawajibu Januari 1863. Barua hiyo inanigusa kila ninapoifikiria.

Kipindi hicho pia viwanda vingi vya Uingereza vilizidi kuupaka uzi wa mtande wanga na udongo mweupe ili nguo ionekane nzito. Ukiifua mara mbili, uzito umekwenda na maji. Aliyezoea merikani aliiona tofauti siku ya kwanza ya kufua.

SWALI: Bibi Uzi, ni kweli watoto walitambaa chini ya mashine zikitembea? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Kweli tupu, mwanangu. Nyumbu mbili zilitazamana, katikati akasimama fundi na waungaji wawili, mkubwa na mdogo. Muungaji alifuata gari linaporudi, akainama juu yake, akashika ncha iliyokatika na kuigusisha kwenye utambi unaotoka kwenye rola, akaisokota mara moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Ana sekunde chache tu, maana gari likitoka tena hafiki. Mdogo zaidi aliingia chini kufagia manyoya ya pamba, akitoka kabla gari halijafunga.

Sheria ya mwaka 1833 iliwazuia watoto wa chini ya miaka 9 na kuleta wakaguzi wa serikali. Ya mwaka 1844 iliwakataza watoto na vijana kufanya kazi kati ya sehemu iliyosimama na sehemu inayotembea ya mashine inayojiendesha. Lakini sheria hiyohiyo iliruhusu mtoto aanze na miaka 8, nusu siku kazini na nusu siku shuleni. Pale Quarry Bank kuna nyumba walimolala watoto maskini walioletwa kufanya kazi. Niliinama kuitazama nafasi ya chini ya gari. Mjukuu wangu wa miaka 7 angeingia. Mimi hata mkono niliogopa kuutia, na mashine ilikuwa imezimwa.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimenunua bobini ya mbao kwenye soko la vitu vya kale, muuzaji anasema ni ya mashine ya nyumbu. Nimeambiwa kweli? – Msomaji, Manchester

JIBU: Marahaba. Nyumbu haikusokota juu ya bobini. Uzi wake ulijikunja kwenye spindeli tupu, au juu ya kikaratasi kifupi chini. Sasa itazame yako. Kama ni ndefu, nyoofu, haina visahani miisho yote miwili, huenda ilibeba utambi uliolishwa kwenye mashine. Hapo muuzaji amekosea kidogo tu, kwani ilikaa juu ya nyumbu, nyuma ya rola. Kama ni nyembamba na ina mkwaruzo wa kuzunguka pale kitakoni, hiyo ni ya pete. Nitumie picha ya kitako chake, na uweke rula pembeni.